Baisikeli Nyeupe Kando ya Barabara



Katika fundisho la mwezi huu twataka kusema habari ya watu wanaouawa barabarani wakiwa juu ya baisikeli, na jinsi inavyotupasa kuwakumbuka. Labda mtu atauliza, Je, jambo hili lina haja ya kuandikwa katika gazeti la sharika? Twajibu, Ndiyo, na sababu yake ni mazishi tuliyoyafanya sisi wenyewe.

Mwaka jana, wakati wa masika, tulimzika baba mmoja wa usharika wetu. Kazi yake ilikuwa kuchukua maziwa. Kila siku kabla ya mapambazuko alifunga madumu mawili nyuma ya baisikeli yake, akashuka nayo mpaka barabara kuu. Asubuhi moja lori lilimgonga kwa nyuma, wala halikusimama. Watu walimkuta kando ya barabara, na maziwa yamemwagika mchangani. Hata leo dereva hajajulikana. Siku ya mazishi watu walikuja wengi, na karibu kila mmoja alimshika mjane mkono, akamwambia neno lile lile: Ajali haina kinga. Sisi nasi, tuliovaa kanzu ya uchungaji, tulilisema.

Baada ya miezi miwili tulipita mahali pale, tukaona majani yameota. Hapakuwa na alama yo yote. Mtoto wa marehemu alikuwa pamoja nasi garini. Alitazama nje ya dirisha asiseme neno. Ndipo tulipoona haya. Tukajiuliza, Neno lile tulilomwambia mama yake, ni faraja kweli, au ni njia ya kunawa mikono?

Kwa hiyo tulitafuta kujua jinsi watu wa mahali pengine wanavyowaheshimu waliokufa hivi. Haya ndiyo tuliyoyapata.

1. Habari ya baisikeli nyeupe

Katika mji wa St. Louis, nchi ya Marekani, mwezi wa Oktoba mwaka 2003, mtu mmoja jina lake Patrick Van Der Tuin aliona motokaa ikimgonga mpanda baisikeli katika sehemu ya barabara iliyotengwa kwa baisikeli. Mtu huyu alichukua baisikeli mbovu, akaipaka rangi nyeupe yote pia, akaiweka mahali pale pamoja na kibao chenye maneno machache, ya kuwa hapa mpanda baisikeli aligongwa. Kisha akaona ya kwamba madereva waliofika pale walipunguza mwendo. Basi akawaita rafiki zake, wakaweka nyingine kama 15 mahali pengine mjini palipotokea mambo kama hayo.

Desturi hii haikukaa katika mji ule tu. Mwaka 2005 ilikwisha kufika London na New York, na baadaye ikaenea katika nchi nyingi. Kazi yenyewe ni nyepesi. Huchukua baisikeli isiyofaa tena kwa safari, huondoa mnyororo, breki na vikanyagio, ili mwizi asiitamani. Huipaka rangi nyeupe, hata magurudumu na kiti. Huifunga kwa mnyororo penye nguzo karibu na mahali mtu alipofia, na juu yake huweka kibao chenye jina lake na tarehe ya kufa kwake. Jamaa zake huja na maua. Apitaye huona kitu cheupe kisichokwenda mahali, akajiuliza, Hiki ni nini?

Swali hilo ndilo kusudi la kazi yote. Kaburi liko mbali, penye utulivu, nalo hutembelewa na wenye msiba. Baisikeli nyeupe iko pale pale palipomwagika damu, nayo huonwa na wale wapitao kwa haraka, yaani wale ambao wangeweza kuua tena.

Si watu wote walioipenda alama hii. Mwaka 2010 idara ya usafi ya mji wa New York ilikusudia kuzihesabu baisikeli hizi kuwa takataka, ziondolewe pamoja na baisikeli nyingine zilizotupwa. Jamaa za waliokufa na wapanda baisikeli wakaja mbele ya wakuu wakasema maneno yao, na idara ikaliacha shauri lile. Twajifunza hapa ya kwamba kumbukumbu ya maskini haikai yenyewe. Inahitaji watu wa kuitetea.

2. Habari ya safari ya kimya

Mwaka ule ule wa 2003, mwezi wa Mei, katika mji wa Dallas, huko huko Marekani, mpanda baisikeli mmoja aligongwa na kioo cha ubavuni cha basi lililompita, akafa. Angalieni neno hili. Basi halikumkanyaga, lilipita karibu mno. Upana wa kioo tu ndio uliotenga uhai na mauti.

Rafiki yake, Chris Phelan, akawaalika wapanda baisikeli waje waendeshe pamoja kwa ajili ya kumkumbuka. Siku zilikuwa chache, wala hapakuwa na chama kikubwa nyuma yake, lakini walikuja watu kama elfu moja. Waliendesha polepole bila kusema neno. Tangu mwaka ule safari hii hufanywa kila mwaka, jioni ya Jumatano ya tatu ya mwezi wa Mei, nayo imefika miji mingi ya dunia.

Sheria zake ni chache. Mwendo usizidi kilometa 20 hivi kwa saa, ili hata mzee na mtoto wasiachwe nyuma. Kila mtu avae kofia ngumu. Zifuatwe taratibu zote za barabara. Kiingilio hakuna. Tena mtu asinene. Wengine hufunga kitambaa cheusi mkononi kwa ajili ya aliyekufa, na wengine chekundu kwa sababu wao wenyewe walikwisha kuumizwa.

Kwa nini kimya? Twafahamu sisi tuliokwisha kufuata jeneza. Mwenye kupiga kelele barabarani hujibiwa kwa kelele. Dereva hupiga honi, naye mpanda baisikeli hutukana, na hakuna aliyesikia. Lakini watu mia wapitao kimya huwanyamazisha hata waliokuja kushindana nao. Mwinjili Luka, katika sura ya 7, atueleza ya kwamba penye lango la mji wa Naini watu wengi wa mji walikuwa pamoja na mjane aliyefiwa na mwanawe wa pekee. Hawakuweza kumfufua mtoto. Walichoweza ni kwenda pamoja na mama yake, nao wakakifanya.

3. Desturi iliyo ya zamani zaidi

Mambo haya yana mizizi. Katika Italia, juu ya ziwa Como, kuna kanisa dogo la Madonna del Ghisallo. Wapanda baisikeli walikuwa na desturi ya kusimama pale baada ya kupanda mlima, na mwaka 1949 Papa Pius wa 12 akamtangaza Madonna huyo wa Ghisallo kuwa mlinzi wa wapanda baisikeli. Ndani yake zimetundikwa baisikeli nyingi. Mojawapo ni ya Fabio Casartelli, aliyezaliwa upande ule wa Como, akashinda katika michezo ya Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Tarehe 18 Julai 1995, katika mashindano makubwa ya Ufaransa, alianguka akishuka mlima wa Portet d'Aspet, akafa. Kesho yake wenzake wote walikataa kushindana. Waliendesha pamoja polepole siku nzima, wakaiacha timu yake itangulie kufika mwisho, na fedha za ushindi za siku ile wakawapa jamaa zake. Mahali alipoanguka pamejengwa ukumbusho wa jiwe.

Sisi wa Afrika ya Mashariki nasi tumeonja huzuni kama hiyo. Tarehe 27 Agosti 2022 Suleiman Kangangi wa Kenya, kiongozi wa timu ya Amani, alianguka katika mashindano huko Vermont, Marekani, akafa mbali na kwao.

Lakini tusidhani ya kuwa heshima ni ya mashujaa wa mashindano tu. Yule mchukuzi wa maziwa hakupata kushinda kitu, ila alifika kila siku. Hata neno boda-boda, ambalo leo twalisema kwa pikipiki, lilianza kwa wapanda baisikeli waliovusha watu na mizigo mpakani mwa Kenya na Uganda. Watu wa baisikeli ndio waliotuletea ndizi, mkaa, samaki na barua. Wengi wamekufa kazini bila alama yo yote.

4. Je, hii si tambiko?

Mwalimu mmoja alituuliza, Mchungaji, watu wakiiona baisikeli nyeupe penye mahali pa kifo, je, hawatasema kuna mzimu? Swali lake ni la haki, tena Waingereza wenyewe huziita baisikeli hizi kwa jina lenye maana ya mzuka.

Tunamjibu hivi. Alama haina ubaya kwa kuwa ni alama. Ubaya hutoka katika lile tunalolitendea. Yoshua, katika sura ya 4, alisimamisha mawe 12 yaliyotolewa katika Yordani, ili watoto waulize maana yake na baba zao wawajibu. Hakuna aliyeyalisha mawe yale wala kuyaomba. Vivyo hivyo baisikeli nyeupe haisemi na wafu, wala haiwatulizi. Inasema na walio hai. Asiwekwe chakula pale, wala pombe isimwagwe, wala mtu asiogope kupita usiku. Jina la mzuka tuliache huko lilikotoka. Sisi tuiite baisikeli ya ukumbusho.

Sisi Walutheri hatuwaombi watakatifu, na kwa sababu hiyo hatufuati yote yafanywayo kule Ghisallo. Lakini Utetezi wa Ungamo la Augsburg, ulioandikwa na Melanchthon mwaka 1531, katika sehemu ya 21 wafundisha ya kwamba iko heshima ya namna tatu iwapasayo waliotutangulia: kumshukuru Mungu kwa ajili yao, kutiwa nguvu imani yetu, na kuufuata mwenendo wao mwema. Basi tumshukuru Mungu kwa ajili ya mchukuzi wa maziwa. Tuufuate uaminifu wake. Hilo si tambiko.

5. Ajali haina kinga?

Sasa tumefika kwenye shina la fundisho hili. Mithali yetu yasema ajali haina kinga. Ni kweli kwa sehemu, maana hakuna mtu aijuaye kesho. Lakini twaitumia vibaya. Twaitumia kufunga kinywa cha mwenye msiba, na kujiondolea deni.

Bwana Yesu aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa wasihesabiwe kuwa wakosaji kuliko wengine (Luka 13:4). Basi tusiseme kwa wepesi ya kuwa aliyegongwa alijitakia mwenyewe. Tena katika Torati, Kumbukumbu 22:8, ajengaye nyumba mpya aliamriwa aweke ukuta mfupi kuzunguka dari, mtu asianguke akafa, na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Angalieni, ndugu: kuanguka ni ajali, lakini ukuta ni kinga, na asiyeujenga ana hatia.

Sura inayotangulia, ya 21, ina habari ya mtu aliyekutwa ameuawa shambani, na aliyemwua hajulikani. Wazee walitoka wakapima umbali mpaka miji iliyo karibu. Mji uliokuwa karibu kuliko yote, wazee wake ndio waliopaswa kusimama mbele ya Mungu juu ya damu ile. Hawakuruhusiwa kusema, Mwuaji hatumjui, twende zetu. Walinawa mikono, naam, lakini baada ya kutoka, kupima na kukubali ya kuwa jambo limetokea kwao. Sisi tulinawa kwanza, wala hatukupima kitu.

Je, kinga ya barabarani ipo? Ipo. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu wapatao 1,190,000 waliokufa barabarani mwaka 2021 ulimwenguni pote, na zaidi ya nusu yao ni watembeao kwa miguu, wapandao baisikeli na wapandao pikipiki. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29, hakuna sababu ya kifo iliyo kubwa kuliko hii. Shirika hilo lafundisha pia ya kuwa mwendo wa magari ukizidi kwa sehemu moja tu katika mia, hatari ya ajali ya kuua huzidi kwa sehemu nne katika mia. Basi apunguzaye mwendo kidogo huokoa sana. Katika Ujerumani, tangu mwaka 2020, sheria yamtaka dereva ampitaye mtu wa baisikeli aache nafasi ya meta 1.5 ndani ya mji, na meta 2 nje ya mji. Hiyo ndiyo nafasi ambayo yule wa Dallas hakuipata.

Mfano mkubwa ni Uholanzi. Mwaka 1971 watu kama 3,300 walikufa katika barabara za nchi ile ndogo, na zaidi ya 400 walikuwa watoto. Mwaka 1972 mwandishi mmoja wa gazeti, ambaye binti yake aliuawa barabarani, aliandika makala yenye uchungu, akaita jambo hili mauaji ya watoto. Wazazi wakakusanyika kwa jina hilo, wakidai mauaji yakomeshwe. Waliandamana kwa baisikeli pamoja na watoto wao, wakazifunga njia zilizokuwa za hatari, wakaenda kwa wakuu wa serikali. Mwaka 1973 mafuta nayo yakaadimika, na watu wakaanza kutazama baisikeli kwa jicho jingine. Tangu mwaka 1975 serikali ilianza kujenga njia za mfano za baisikeli katika miji ya The Hague na Tilburg, na baadaye nchi nzima. Mwaka 2023 waliokufa barabarani hawakufika 700, ijapokuwa watu na magari wameongezeka sana. Kama wazazi wale wangaliridhika na kusema ajali haina kinga, watoto wangapi wangalizikwa?

6. Yatupasayo

Basi tufanye nini? Hatusemi kila usharika ununue rangi nyeupe kesho. Twasema haya machache.

Kwanza, tuwaulize wenye msiba. Wengine watataka alama mahali pale, na wengine hawataweza kuiona kila siku. Neno lao litangulie letu. Wakikubali, mzee wa kanisa aende kwa wakuu wa barabara aombe ruhusa, na alama isimzuie mpitaji.

Pili, Umoja wa Mataifa mwaka 2005 uliikubali Jumapili ya tatu ya mwezi wa Novemba iwe siku ya kuwakumbuka walioumia na waliokufa barabarani. Siku hiyo iko karibu sana na Jumapili ya mwisho ya mwaka wa Kanisa, ambayo kwa desturi iliyotoka Ujerumani tangu mwaka 1816 ni ya kuwakumbuka waliokufa. Majina yao yasomwe. Baada ya ibada, wenye baisikeli na waendao kwa miguu waende pamoja kimya mpaka mahali pale, wakiisha kupata kibali cha polisi. Waombe, kisha warudi.

Tatu, madereva wa sharika zetu waonywe kwa upendo. Amri ya tano, kama Katekisimo Ndogo ifundishavyo, haikatazi kuua tu. Inatutaka tumsaidie jirani katika mahitaji ya mwili wake. Nafasi ya meta moja na nusu ni mahitaji ya mwili. Katika neno hili twaungama: garini mwetu, tulipochelewa ibada ya mtaa wa mbali, tumewahi kumhimiza dereva apite, na mtu wa baisikeli akashukia mtaroni. Tulifika kwa wakati, tukahubiri juu ya upendo.

Nne, vijana watengeneze taa na vioo vya kung'aa vya baisikeli za wazee, na wazee wa kanisa wapeleke kwa serikali ombi la njia ya pembeni penye mahali pa hatari. Waende na hesabu: watu wangapi, mahali gani, saa ngapi. Ndiko kupima kwa wazee wa Torati.

Nasi tumeanza. Jumamosi moja tulikwenda na yule mtoto mpaka mahali pale. Mama yake alikubali. Tulipima kwa hatua kutoka mahali baba yake alipofia mpaka mlango wa kanisa letu. Zilikuwa hatua 640. Mtoto alihesabu kwa sauti, nasi tulimfuata. Tulipofika mlangoni aliuliza, Sasa tufanye nini? Twawaachia swali lake, ndugu wapenzi, maana ni letu sote.

Maswali ya kuzungumza katika darasa

1. Ni nani katika mtaa wenu aliyekufa barabarani akiwa juu ya baisikeli? Je, jina lake lakumbukwa?
2. Pana tofauti gani kati ya mawe ya Yoshua na tambiko?
3. Mithali ya kuwa ajali haina kinga yafaa kusemwa wakati gani, na wakati gani haifai?
4. Mahali pa hatari katika barabara yenu ni hatua ngapi kutoka mlango wa kanisa? Nendeni mkapime.